Mnyororo wa Ugavi Unapokatika: Je, Uchunguzwe kama Ajali?

MCHUNGUZI WA AJALI: Ndege ikianguka, dunia ina utaratibu unaojulikana wa kuuliza kilichotokea, nao umeandikwa katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga: lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama au kuamua nani alipe fidia. Mnyororo wa ugavi, yaani mlolongo mzima wa watu, mikataba, bohari na njia zinazoitoa bidhaa kwa mzalishaji hadi kwa mtumiaji, nao hukatika, na unapokatika huacha hospitali bila dawa, viwanda bila malighafi na vituo bila mafuta. Lakini swali linaloulizwa mara nyingi ni moja tu, nani amechelewesha, na likishajibiwa faili hufungwa. Tarehe 17 Machi 2000 radi iliwasha moto mdogo katika kiwanda cha Philips kilichotengeneza chipu za simu huko Albuquerque, Marekani. Moto ulizimwa baada ya dakika chache, lakini moshi na maji viliharibu vyumba ambavyo havikutakiwa kuingiwa hata na chembe ya vumbi. Nokia iliona mapema kwamba mzigo wake umepungua, ikawatuma wataalamu wake na kutafuta chipu kwingine, ilhali Ericsson, iliyotegemea kiwanda hicho bila kuwa na chanzo mbadala, ilichelewa kulichukulia jambo hilo kwa uzito, na hasara yake ilitajwa kuwa takriban dola milioni 400. Radi ilikuwa moja kwa kampuni zote mbili. Kilichotofautiana ni mambo yaliyokuwapo kabla ya radi, na hayo ndiyo ambayo uchunguzi wa ajali umeundwa kuyatafuta.

AFISA UGAVI: Mfano wa Albuquerque unaweza kusomwa kinyume chake. Kampuni inayonunua chipu kutoka kiwanda kimoja haifanyi hivyo kwa kusahau. Inafanya kwa hesabu, kwa kuwa kununua kwa wingi mahali pamoja hushusha bei, huweka ubora katika kiwango kimoja na hupunguza gharama za kusimamia mikataba. Katika taaluma ya ununuzi, kihatarishi, yaani jambo linaloweza kutokea na kuathiri malengo ya taasisi, hakiondolewi kila mara. Kingine hukatiwa bima, kingine huhamishiwa kwa muuzaji, na kingine hukubaliwa kwa kuwa kukikinga ni ghali kuliko kukivumilia. Hakuna shirika la ndege linalokubali kuangusha ndege moja kila baada ya miaka kadhaa ili lishushe nauli, ilhali kila idara ya ugavi hukubali kwamba mizigo kadhaa itachelewa. Kuuita uamuzi wa kibiashara ulioleta hasara kuwa ni ajali ni kufuta mpaka kati ya jambo lililowaponyoka watu na jambo walilolichagua wenyewe. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa ndege huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, na bohari iliyo tupu inataka mzigo wiki hii. Watu wale wale wanaotakiwa kuhojiwa ndio wanaotakiwa kumtafuta muuzaji mwingine.

MCHUNGUZI WA AJALI: Kwamba uamuzi ulifanywa kwa makusudi si sababu ya kuuacha nje ya uchunguzi. Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu makosa ya binadamu, alitenganisha kosa la papo hapo, linalofanywa na aliye kazini wakati wa tukio, na udhaifu fichika, yaani kasoro zilizoachwa na maamuzi ya ofisini miezi au miaka kabla, ambazo hukaa kimya hadi zikutane na kichocheo. Meli ya makontena ya Dali ilipoligonga daraja la Francis Scott Key mjini Baltimore tarehe 26 Machi 2024, wafanyakazi sita wa barabara walikufa, na njia ya meli kuingia bandarini ikazibwa kwa wiki kadhaa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani haikuishia kwenye meli iliyozimikiwa na umeme. Ilieleza pia kwamba wenye daraja hawakuwa wamekokotoa hatari ya daraja hilo kugongwa na meli, ingawa mwongozo wa kuikokotoa ulikuwapo tangu miaka ya 1990. Swali la mchunguzi, basi, si kama uamuzi ulikuwa halali siku ulipofanywa, bali kama waliouafiki walijua wanachokikubali, na kama yupo aliyerudi kuupima hali ilipobadilika. Kuhusu muda, Kiambatisho cha 13 kinataka taarifa ya awali itolewe ndani ya siku 30, na mapendekezo ya dharura hayangoji ripoti ya mwisho.

AFISA UGAVI: Mchunguzi wa ndege ana mabaki yenye mpaka, ana vinasa data ambavyo watu huviita visanduku vyeusi, na ana sheria inayompa mamlaka ya kuvichukua. Mnyororo wa ugavi hauna mabaki. Dawa imekwisha kunywewa, mafuta yamekwisha kuungua, na karatasi za mzigo zimetawanyika kati ya wakala wa forodha, kampuni ya meli, benki na bohari katika nchi nne au tano. Mnunuzi humjua muuzaji wake, lakini mara nyingi hamjui muuzaji wa muuzaji wake, na hata akimjua hana nguvu ya kumlazimisha afungue vitabu vyake, ambamo mna bei na siri ambazo mshindani angezinunua kwa furaha. Kuhamisha mbinu bila kuhamisha mamlaka yanayoiwezesha ni kuandaa ripoti nzuri juu ya nusu ya ukweli.

MCHUNGUZI WA AJALI: Ugumu huo ni wa kweli, lakini umewahi kushindwa. Mwezi Januari 2013 betri ya ndege ya Boeing 787 ilishika moto ikiwa imeegeshwa uwanjani Boston, na siku chache baadaye nyingine ya aina hiyo ikalazimika kutua kwa dharura nchini Japani. Ndege zote za aina hiyo zilisimamishwa, na wachunguzi wakaufuata mnyororo wenyewe, kutoka kwa mtengenezaji wa ndege hadi Thales ya Ufaransa iliyopewa kazi ya mfumo wa umeme, na kutoka hapo hadi GS Yuasa ya Japani iliyotengeneza betri. Ripoti ya mwaka 2014 ilitaja kasoro za kiwandani, na ikataja vilevile upungufu katika tathmini ya usalama ya Boeing na katika usimamizi wa mamlaka iliyoidhinisha ndege. Kuhusu ushahidi ulioliwa, upo mfano wa Afrika Mashariki: mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Wachunguzi walilinganisha kaya zenye wagonjwa na kaya za jirani zisizo na mgonjwa, wakapima mahindi yaliyobaki majumbani na yale ya sokoni, na wakaonyesha uhusiano kati ya ugonjwa na mahindi yaliyowekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Mabaki yalikosekana, lakini swali lilipoulizwa kwa utaratibu lilipata jibu.

MWANASHERIA: Mifano yote miwili ina serikali nyuma yake, na ina vifo, au hatari kwa maisha, mambo yaliyoifanya serikali iingilie. Katika biashara ya kawaida wahusika hufungwa na mkataba, na mkataba wa ugavi umejengwa juu ya kitu kile kile ambacho uchunguzi wa ajali unakikataa, yaani kumpata mwenye kosa. Kifungu cha fidia ya ucheleweshaji kinamtaka muuzaji alipe kwa kila siku ya kuchelewa, isipokuwa athibitishe nguvu isiyozuilika, ambayo ni tukio kama vita au mafuriko lililo nje ya uwezo wake. Muuzaji mwenye akili hawezi kumweleza mchunguzi kwamba alijua paa la bohari lake linavuja, kwa kuwa maneno hayo yatarudi kama ushahidi mahakamani. Upo pia upande wa pili wa hatari hiyo. Kampuni ya Japani ya Takata, iliyotengeneza mifuko ya hewa ya magari, ilikubali mwezi Januari 2017 nchini Marekani kwamba iliwadanganya wateja kwa taarifa za majaribio zisizo za kweli, na ikakubali kulipa dola bilioni 1. Lau lengo la kila uchunguzi lingekuwa kujifunza bila kulaumu, udanganyifu wa namna hiyo ungepata pa kujificha, na katika ununuzi wa umma, ambako fedha ni za wananchi, hilo haliwezi kuvumilika.

MCHUNGUZI WA AJALI: Utaratibu wa anga haukumfutia mtu yeyote jinai. Uliweka milango miwili: polisi na mahakama hufanya kazi yao kwa ushahidi wao, na mchunguzi wa usalama hufanya yake kwa wake. Nchini Marekani sheria inakataza ripoti ya bodi ya uchunguzi kutumika kama ushahidi katika madai ya fidia, lakini haimzuii mwendesha mashtaka kumfuata aliyeghushi nyaraka. James Reason mwenyewe alisisitiza utamaduni wa haki, yaani makubaliano yanayojulikana na wote kuhusu mpaka kati ya kosa la mtu aliyejitahidi na uzembe au hila ya mtu aliyejua. Mkataba wa ugavi unaweza kuandikwa vivyo hivyo: maelezo yatakayotolewa katika uchunguzi wa pamoja yasitumike kudai fidia, na ulinzi huo ukome pale ambapo taarifa ya uongo imetolewa.

MSAFIRISHAJI: Milango hiyo miwili inajadiliwa kana kwamba iko kwenye ghorofa moja, ilhali wanaoijua hali ya mnyororo wako barabarani. Dereva wa lori ndiye anayeona kwamba mizani fulani imeanza kuwa na foleni ya siku mbili. Wakala wa forodha ndiye anayeona kwamba mfumo wa kompyuta unazimika kila mwisho wa mwezi. Mlinzi wa bohari ndiye anayesikia jenereta la chumba cha baridi likibadilika sauti. Haya ni matukio ya nusura, maana yake dalili ambazo mara hii hazikuleta hasara. Katika usafiri wa anga wa Marekani upo, tangu mwaka 1976, mpango wa kupokea taarifa za namna hiyo kwa siri, nao unaendeshwa na NASA, ambayo haina mamlaka ya kumnyang'anya rubani leseni. Msafirishaji mdogo hana mpango wa aina hiyo. Akiripoti kwamba njia ina tatizo, anaonekana yeye ndiye tatizo, na zabuni inayofuata hapewi. Kwa hiyo hunyamaza, na ukimya wake husomwa ofisini kama ushahidi kwamba mambo ni mazuri.

AFISA UGAVI: Hoja ya msafirishaji ina uzito, lakini inahusu kusikilizana kabla ya tukio, na hilo linawezekana bila kuunda tume. Shaka kubwa ni juu ya uchunguzi wa baada ya tukio, kwa sababu tukio lijalo huwa halifanani na lililopita. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, machafuko yalifunga barabara na reli kutoka Mombasa, na Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo zikakosa mafuta. Mwezi Januari 2022 Uganda ilikosa mafuta tena, safari hii kwa sababu madereva waligoma mipakani Malaba na Busia kupinga masharti ya kupimwa Uviko. Uchunguzi wa tukio la kwanza ungependekeza malori yasindikizwe na askari, na pendekezo hilo lisingefaa chochote mbele ya mgomo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na taasisi iliyochunguza ajali moja kwa kina huanza kuiona ajali hiyo hiyo kila mahali.

MCHUNGUZI WA AJALI: Huo ndio uchunguzi unaoishia kwenye kichocheo, na ndio unaopaswa kuachwa. Machafuko na mgomo havifanani, lakini vilipokuta njia, vilikuta hali ile ile: nchi isiyo na bahari, inayoagiza mafuta yake kwa sehemu kubwa kupitia ushoroba mmoja, kwa malori yanayovuka vituo vichache vya mpakani, na yenye akiba isiyotosha kuivusha nchi siku za kungoja. Uchunguzi kamili hutenganisha orodha mbili, ya mambo yaliyoanzisha tukio na ya mambo yaliyolifanya tukio liwe janga. Orodha ya kwanza haitabiriki, na hakuna ubaya kukiri hivyo. Ya pili hubadilika polepole, huonekana, na inaweza kurekebishwa bila kujua kama kichocheo kijacho kitakuwa radi, mgomo au mafuriko.

AFISA UGAVI: Orodha hiyo ya pili haikuhitaji mchunguzi. Kila mfanyabiashara wa Kampala alijua kwamba njia ni moja na akiba ni ndogo. Kilichokosekana hakikuwa maarifa bali fedha, kwa kuwa lita iliyokaa tangini ni mtaji uliolala. Mwanasosholojia Mmarekani Charles Perrow, aliyeandika mwaka 1984 akianzia ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island ya mwaka 1979, alieleza kwamba katika mifumo iliyo tata na iliyobanana, ambamo hatua moja huifuata nyingine bila nafasi katikati, ajali ni jambo la kawaida ambalo udhibiti wa ziada huweza hata kulizidisha. Ikiwa ni hivyo, dawa ni nafasi na akiba. Kiwanda cha Aisin Seiki kilipoungua mjini Kariya, Japani, tarehe 1 Februari 1997, Toyota ilikosa vali ndogo ya breki ambayo ilikuwa na akiba yake ya saa chache tu, viwanda vyake vikasimama, na kilichoiokoa ndani ya takriban wiki moja ni wauzaji wengine waliogawana michoro na mashine ili waitengeneze vali hiyo. Uhusiano mwema ulitangulia, na ripoti zilikuja baadaye.

MCHUNGUZI WA AJALI: Mfano wa Toyota haujaisha mwaka 1997. Tetemeko la ardhi la tarehe 11 Machi 2011 liliionyesha kampuni hiyo kwamba iliwajua wauzaji wake wa ngazi ya kwanza lakini haikuwajua vizuri wa ngazi za chini, na kwa kuchambua jinsi ilivyokwama ilijenga kanzidata ya wauzaji hao na kuwataka baadhi ya wauzaji wa chipu waweke akiba ya miezi kadhaa. Uhaba wa chipu ulipoikumba dunia mwanzoni mwa mwaka 2021, Toyota ilistahimili kuliko washindani wake wengi. Akiba anayoisifu Afisa Ugavi haikuwekwa kila mahali kwa kubahatisha. Iliwekwa pale ambapo uchambuzi wa tukio lililopita ulionyesha kwamba inahitajika.

AFISA UGAVI: Na mwezi Agosti mwaka huo huo Toyota ilitangaza kupunguza uzalishaji wake wa Septemba kwa takriban asilimia 40, kwa sababu maradhi yalikuwa yamevisimamisha viwanda vya Kusini-mashariki mwa Asia. Uchambuzi wa tetemeko uliinunulia kampuni miezi kadhaa, jambo ambalo halipaswi kudharauliwa, lakini haukuifundisha kuhusu ufa mwingine.

MWANASHERIA: Hapo mjadala unagusa jambo ambalo pande zote mbili zimelipita haraka. Afisa Ugavi amesema udhaifu ulijulikana, na Mchunguzi hakukanusha. Basi faida ya uchunguzi haiwezi kuwa kugundua tu. Kiambatisho cha 13 kina sharti jingine: nchi inayopelekewa pendekezo la usalama inatakiwa kueleza, ndani ya siku 90, imechukua hatua gani au ni kwa sababu gani haikuchukua. Sharti hilo halimlazimishi mtu kutumia fedha, bali linamlazimisha aandike kwamba ameamua kutozitumia, na uamuzi huo ukae kwenye kumbukumbu ukiwa na mwenyewe. Jambo linalojulikana na wote bila kuwa na mwenyewe haliwezi kumwajibisha yeyote.

AFISA UGAVI: Katika anga pendekezo hupelekwa kwa nchi zilizotia saini mkataba. Katika ugavi lipelekwe kwa nani? Mamlaka ya uratibu wa Ushoroba wa Kaskazini yenye makao yake Mombasa, na wakala wa Ushoroba wa Kati ulioko Dar es Salaam, zimekuwa zikipima muda ambao mizigo hutumia njiani, na takwimu zake zina faida. Lakini takwimu husema mzigo ulichelewa wapi, hazisemi kwa nini, na hakuna waziri wala mkurugenzi anayepewa siku 90 za kuzijibu.

MSAFIRISHAJI: Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama Namanga na mizigo yake. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu vifo vya Makueni na Kitui, na chanzo cha sumu hiyo kilijulikana kuwa ni ukaushaji na uhifadhi, lakini chombo kilichokuwa karibu zaidi na mkono wa serikali kilikuwa amri ya kufunga mpaka. Gharama ya maarifa yasiyotumika ililipwa na mwenye lori, mkulima na mlaji, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Ikiwa uchunguzi utaanzishwa, uanzie kwa watu hao, na uwahakikishie kwa maandishi kwamba kusema kweli hakutawanyima kazi.

MCHUNGUZI WA AJALI: Sharti hilo linakubalika, na bila hilo mbinu nzima haina chakula. Linabaki jambo moja la kusisitiza mbele ya Afisa Ugavi: si kila ucheleweshaji unastahili uchunguzi. Katika anga, matukio makubwa na yale yaliyobeba dalili ya hatari kubwa ndiyo hupewa uzito kamili, na mengine huhesabiwa tu. Idara ya ugavi inaweza kujiwekea kizingiti chake, kwa mfano kukosekana kwa dawa ya kuokoa maisha au kusimama kwa uzalishaji, ili kazi ya kila siku isizame katika kamati.

AFISA UGAVI: Kwa kizingiti hicho, pingamizi la gharama linapungua, ingawa lile la mamlaka linabaki palepale. Mbinu hii isiingizwe kazini kwa semina na michoro ya ukutani. Taasisi inayotaka kuitumia ianze na mikataba yake mipya, iandike humo nani atachunguza, maelezo ya nani yatalindwa, udanganyifu utashughulikiwa wapi, na nani atajibu mapendekezo kwa maandishi kabla ya siku 90 kwisha. Pale ambapo mambo hayo manne hayawezi kuandikwa, fedha ambazo zingelipia uchunguzi zinunue akiba.